Hapana, Warumi hawakuwa mashine ya fotokopi

Nafundisha historia ya sanaa, na kila muhula, hata picha ya tatu sijaionyesha, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, hizi sanamu za Warumi si kopi tu za zile za Wagiriki?" Hilo "tu" ndilo linalonikera.

Kopi zipo, sikatai. Baiae, karibu na Napoli, mwaka 1954 vilifukuliwa vipande vya plasta vya kunakilia, vilivyotolewa moja kwa moja kwenye sanamu za shaba za Kigiriki. Lakini njoo kwa kijana wa marumaru wa mchongaji Stephanos, aliyeko Villa Albani mjini Roma. Kazi ya karne ya 1 KK hiyo. Amesimama kikakamavu, nywele zimelala, uso hauna furaha wala huzuni: mambo ya mwanzoni mwa karne ya 5 KK. Sasa mpime. Kichwa kidogo, mwili mwembamba, uwiano ambao Polykleitos, yule mchongaji mkubwa wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, asingeutambua. Sanamu ya Kigiriki iliyomzaa haijulikani. Na mchongaji ametia sahihi: Stephanos, mwanafunzi wa Pasiteles. Nani hutia sahihi kwenye fotokopi, tena akamtaja na mwalimu wake? Kijana wa umbo hilohilo yuko pia Napoli, safari hii kasimama na mwanamke. Watu walikuwa wakichanganya, wakijaribu. Mtu akitunga utenzi leo kwa mizani nane, utasema amenakili? Amechagua bahari yake, basi.

Kosa la pili ni mtoto wa hilo: eti tabasamu na mikunjo ya nguo iliyopangwa kama ukili ni dalili ya ukale. Artemi wa Pompeii, sanamu ya mungu wa kike iliyofukuliwa 1760, anavyo vyote, na alimpotosha hata Winckelmann, mtaalamu mashuhuri wa sanaa ya kale wa karne ya 18, akadhani ni kazi ya kale ya Waetruski, watu wa Italia waliotangulia Warumi. Ni ya zama za Warumi. Ushauri wangu ni uleule kila mwaka: achana na uso, uso ndiko unakodanganywa. Tazama nywele na mikunjo, utafute mifereji mirefu ya keekee, alama ya kazi ya baadaye.

Na eti sanamu za kale zilikuwa marumaru nyeupe tupu? Artemi huyohuyo alitoka ardhini na rangi yake.

Na kile kisiki cha mti nyuma ya mguu si pambo, wala si ishara ya msitu. Shaba ni ngumu na ndani ina uvungu. Marumaru ni nzito na hukatikia vifundoni. Mwondolee kisiki Mbeba Mkuki wa Napoli, kopi ya marumaru ya sanamu ya shaba ya Polykleitos, halafu usisimame karibu.