Dharura za kuigiza katika kumpima daktari: dhana potofu na ukweli

"Ni mchezo wa midoli tu." Utalisikia hili hata kwa madaktari, wakizungumzia mtihani ambamo daktari hupimwa kwa dharura ya kuigiza, mara nyingi mbele ya mdoli. Sasa fikiria: mgonjwa amechomwa sindano ya penisilini, midomo imevimba, anakoroma, presha inaporomoka kwenye skrini, na muuguzi anauliza, "Daktari, tufanyeje?" Mwili ni wa plastiki, lakini uamuzi ni ule ule wa wodini. Huo ni mzio mkali, na mtu mzima mwenye hali hiyo anahitaji adrenalini, miligramu 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje, tena papo hapo. Daktari akianza na vidonge vya mzio au steroidi, mtahini analiona kosa, na hakuna familia inayofiwa.

"Aliyefaulu mtihani wa maandishi hana haja ya kupimwa hivi." Kujua ni kitu kimoja, kutenda ni kingine. Mtu anaweza kuandika bila kusita kwamba kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kisha mbele ya mdoli akaishia sentimita 3, au akasimamisha kazi yote huku anatafuta mshipa wa damu. Karatasi hailioni hilo. Wala haisikii anavyoongoza timu. "Leteni adrenalini!" ikisemwa hewani, kila mmoja hudhani mwenzake ameifuata. Akitajwa mtu kwa jina, naye akarudia alichoagizwa, dawa inafika. Somo hili limetoka kwa marubani, na daktari David Gaba na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ni miongoni mwa waliolileta kwa madaktari wa usingizi.

"Bila mdoli wa bei kubwa hakuna tathmini." Si kweli. Mwaka 1963 Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu huko Los Angeles, alimfundisha mtu mwenye afya njema kuigiza ugonjwa ili wanafunzi wapimwe. Kupima ukandamizaji wa kifua, kiwiliwili sahili cha plastiki kinatosha.

"Dharura moja inatosha kumjua daktari." Hii ndiyo dhana inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaumiza watu. Umahiri hauhami kirahisi kutoka tatizo moja kwenda jingine. Aliyemudu mzio mkali anaweza kupotea kabisa mbele ya pumu kali, au akasahau kupima sukari ya mgonjwa aliyezimia. Ndiyo maana Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, mwaka 1975, alieleza mtihani wa vituo vingi: mtahiniwa anazunguka, kila kituo kina kazi yake na mtahini wake. Tena, kuongeza matukio huongeza uhakika wa matokeo kuliko kurundika watahini watatu kwenye tukio moja. Kumnyima mtu cheti kwa dakika 15 za asubuhi moja ni kumdhulumu. Kumpa cheti kwa dakika hizo hizo ni kuwadhulumu wagonjwa.

"Orodha ya alama haina upendeleo, basi inatosha." Orodha hiyo, ambayo mtahini huweka alama kwa kila hatua iliyofanywa, inasaidia, ila ni rahisi kudanganyika nayo. Adrenalini iliyotolewa dakika ya nane hupata alama ile ile ya iliyotolewa dakika ya kwanza, kama orodha haikutaja muda. Anayefanya kila kitu bila mpangilio huzoa alama, ilhali mgonjwa wake angeshakata roho. Jicho la mtahini mzoefu, aliyefunzwa kutoa alama, bado linahitajika kando ya orodha.

"Akibabaika, hajui kazi." Huenda ni kweli. Huenda pia hakuonyeshwa mapema mahali mapigo ya mdoli yanapoguswa, sauti za mapafu zinasikika wapi, na nini cha kutamka kwa mdomo kwa kuwa plastiki haibadiliki rangi wala haitoki jasho. Kabla ya alama ya kwanza kuandikwa, mtahiniwa apewe dakika kadhaa za kumshika mdoli na kumzoea, na aambiwe waziwazi kama leo ni mazoezi au ni mtihani.