Kipandauso na uzito uliozidi: dhana potofu kuhusu chakula, na ukweli wake

Mwenye kipandauso akiambiwa apunguze uzito, mara nyingi kesho yake huanza kwa kuacha kula asubuhi. Ikifika saa 8 mchana kichwa kimeshika upande mmoja, kinagonga, mwanga unamchoma macho na kichefuchefu kimepanda. Jioni anakula kwa njaa ya kutwa nzima, na mwisho wa mwezi uzito uko palepale. Chakula kinaweza kumsaidia mtu huyu, ila si kwa namna anayoambiwa mtaani. Tuanze na yanayosemwa sana Dodoma.

"Unene ndio unaoleta kipandauso"

Wembamba pia wanaugua. Kipandauso kwa sehemu kubwa hurithiwa, na wanawake huugua karibu mara tatu zaidi ya wanaume. Uzito uliozidi kazi yake ni kuongeza siku za kuumwa: aliyekuwa akiumwa siku 4 kwa mwezi anakuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufika siku 15 au zaidi, hali inayoitwa kipandauso sugu. Mafuta yaliyojaa mwilini hutoa kemikali zinazochochea mishipa ya fahamu, na ya mwenye kipandauso ni myepesi kuchokozeka tangu mwanzo. Ongeza hapo kukoroma na kukatika pumzi usingizini, na mtu anaamka na kichwa kizito.

Kujua ulipo, gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 84 na urefu wa mita 1.62 anapata 84 gawanya kwa 2.62, yaani 32. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo.

"Ukitaka kupungua, piga pasi ndefu"

Hii ndiyo inayoumiza wengi. Kuruka mlo ni miongoni mwa vichochezi vya kipandauso vinavyotajwa zaidi na wagonjwa wenyewe. Mwenye uzito mkubwa na kipandauso anatakiwa ale kidogo, lakini ale kwa saa zilezile, Jumapili kama Jumatatu. Mchana usipitishe muda wa saa 4 au 5 bila kitu tumboni, na kati ya chakula cha usiku na cha asubuhi zisizidi saa 12.

Kwa siku ya kazi inaweza kuwa hivi. Saa 1 asubuhi, kikombe cha uji wa ulezi au uwele usio na sukari nyingi, pamoja na yai la kuchemsha au mtindi. Uji mtupu wenye vijiko vinne vya sukari unakuacha na njaa kabla ya saa 4, na hapo ndipo maandazi yanapoingia. Saa 5, tunda moja au konzi ndogo ya karanga. Saa 7 mchana, sahani ambayo nusu yake ni mboga, robo ugali au wali, robo maharage, kunde, samaki au kuku. Saa 11 jioni kitu kidogo kama cha saa 5, na saa 1 usiku sahani ya mpangilio uleule.

Lengo ni kupungua nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki, si zaidi. Kwa mwenye kilo 84, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ni kilo 4 hadi 8, kazi ya miezi kadhaa. Anayeahidiwa kilo 10 kwa wiki 2 kwa maji ya limau na tangawizi anaahidiwa njaa, na njaa hiyo itampeleka moja kwa moja kwenye kichwa.

"Ugali wa uwele haunenepeshi"

Unga wa uwele, wa mtama na wa sembe una nguvu inayokaribiana, gramu kwa gramu. Bonge kubwa la uwele ni bonge kubwa vilevile. Faida ya uwele na mtama usiokobolewa iko kwenye nyuzinyuzi, zinazokushibisha kwa muda mrefu, na kwenye magnesiamu, madini ambayo upungufu wake umehusishwa na kipandauso. Kwa hiyo ugali wa uwele kwa mlenda ni mlo mzuri kabisa, tena usiohitaji kununuliwa duka la mbali. Angalia karanga tu: vijiko viwili vya chakula vya karanga za kusaga ni karibu kalori 190. Weka hivyo viwili kwa mtu mmoja, usiweke kikombe.

"Mafuta ya alizeti hayana madhara, mimina"

Kanda ya kati ndiyo nyumbani kwa alizeti, na dumu likiwa jikoni mkono haupimi. Piga hesabu. Lita 1 ya mafuta yoyote ya kupikia ina kalori 8,000 na zaidi. Familia ya watu 5 inayomaliza lita 1 kwa siku 4, kila mmoja anakula mililita 50 kwa siku, yaani kalori 400 hivi za mafuta peke yake. Lita hiyo ikikaa siku 8, kila mtu amepunguza kalori 200 bila kupunguza tonge. Pima kwa kijiko cha chakula, usimimine kutoka kwenye dumu. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo na maji kidogo, na mboga iive kwa mvuke wake.

Lipo na jambo la pili. Alizeti ya kawaida ina omega-6 kwa wingi, aina mojawapo ya mafuta; omega-3 ni aina nyingine, iliyo kwenye samaki. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la Marekani lililofanywa kwa watu 182 wenye kipandauso. Kwa wiki 16, waliokula samaki wenye omega-3 nyingi huku wakipunguza omega-6 walipata siku za kuumwa kichwa pungufu kwa takriban 4 kwa mwezi, wakilinganishwa na waliokula mlo wa kawaida. Halikuwa jaribio la kupunguza uzito. Kwetu maana yake ni kupunguza mafuta na kuongeza dagaa, vibua au samaki wa kopo mara kadhaa kwa wiki, wa kuchemsha au kuoka. Dagaa waliokaangwa wakaogelea kwenye mafuta hawakupeleki huko.

"Acha chokoleti, jibini na kila kilichotajwa kwenye orodha"

Orodha nyingi zimeandikwa kwa jikoni za kwingine. Tena hamu ya kitu kitamu inaweza kuwa dalili kwamba shambulio limeshaanza, saa kadhaa kabla ya maumivu. Ukila chokoleti unailaumu bure. Pombe ni kichochezi cha kweli kwa wengi, na mvinyo wa Dodoma haupati msamaha kwa sababu ni wa nyumbani. Andika daftarini kwa wiki 8: saa ya kula, usingizi, maji, hedhi, kichwa. Ukishuku chakula fulani, kiache hicho kimoja kwa wiki 4. Ukiacha kumi kwa pamoja hutajua kipi.

"Chai haina neno"

Vikombe 4 vyenye vijiko 3 vya sukari ni vijiko 12 kwa siku. Lakini usikate chai ghafla, maana kichwa cha kukosa kafeini huanza ndani ya saa 12 hadi 24. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku 3 au 4, na ujaze pengo kwa maji. Katika joto la Oktoba na Novemba, lita 2 hadi 2.5 kwa siku si nyingi, isipokuwa una ugonjwa wa moyo au figo.

"Nikipungua, naacha dawa"

Jaribio jingine la Marekani, la 2018, liliwagawa wanawake 110 wenye kipandauso na uzito mkubwa: wengine programu ya kupunguza uzito, wengine elimu ya kipandauso tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, kwa kiwango kinachokaribiana. Kupungua uzito ni msaada. Dawa za kinga, yaani zinazomezwa kuzuia kichwa kisianze, aachishe daktari. Mwambie pia kama dawa inakuongezea hamu ya kula, kama amitriptilini inavyoweza kufanya, kwa kuwa zipo nyingine. Na ukimeza parasetamo siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zilizochanganywa na kafeini siku 10, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuzalisha maumivu ambayo hakuna mlo utakaoyaondoa.

"Hicho kichwa ni presha tu, au malaria"

Pima vyote viwili, usikisie. Presha iliyopanda kiasi mara nyingi haiumizi kichwa. Mwanamke mwenye uzito mkubwa ambaye kichwa kinazidi akilala, anaona giza kwa sekunde chache, au anasikia mapigo masikioni, aende hospitali kuchunguzwa macho haraka: shinikizo la maji ya ubongo linaweza kuondoa uwezo wa kuona. Vivyo hivyo kwa kichwa kilicholipuka ghafla, chenye homa na shingo ngumu, chenye udhaifu wa upande mmoja, au kwa mjamzito.