Upepo, visiki na kiboya kinacholala: dhana potofu kuhusu krapi na blugili wa Reelfoot

Ziwa Reelfoot liko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Tennessee, Marekani, jirani na mto Mississippi. Matetemeko ya ardhi ya New Madrid, yaliyoanza Desemba 1811 na kuendelea hadi Februari 1812, yalididimiza ardhi yenye msitu, maji yakajaa, na msitu ukabaki humo humo. Zaidi ya miaka 200 baadaye, miti ya saipresi bado imesimama majini, na chini yake kuna visiki visivyohesabika. Kina cha wastani ni kama mita moja na nusu tu.

Nayataja haya kwa sababu ndugu zetu wengi wanaoishi Nashville, Louisville na Bowling Green, miji ya Tennessee na jirani yake Kentucky, wamekulia kando ya Tanganyika au Kivu. Kuvua wanajua. Lakini Tanganyika ina mahali penye kina cha mita 1,470, na ujuzi wa maji ya namna hiyo haukutoshi unapofika kwenye ziwa ambalo mtu mrefu anaweza kusimama na kichwa chake kikabaki juu. Hapo ndipo dhana nyingi zinapozaliwa kuhusu krapi na blugili (kwa Kiingereza crappie na bluegill), samaki wawili wa Amerika wanaovuliwa humo, na kila majira ya machipuko nawaona watu wakirudi na ndoo tupu huku samaki wapo.

Dhana: upepo ukivuma, samaki hawali

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu anafika alfajiri, anaona maji yamekunjamana, anageuza gari.

Ukweli ni kwamba mwezi Machi na Aprili upepo ni mjumbe. Jua hupasha moto maji ya juu kwanza, na upepo huyasukuma maji hayo hadi ufuko unaopigwa. Planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, husombwa pamoja nayo, vidagaa hufuata planktoni, na krapi hufuata vidagaa. Upepo wa kusini ukivuma siku mbili mfululizo, ufuko wa kaskazini huwa na uhai kuliko upande uliotulia kama kioo. Mgeni hukimbilia upande uliotulia kwa sababu ndio unaompendeza yeye.

Lakini upepo si mmoja. Baridi ya ghafla ikiingia kutoka kaskazini, ufuko huohuo hupoa upesi kwa sababu maji ni haba. Krapi hawaendi mbali. Hurudi nyuma kidogo penye kina zaidi na kujibana kwenye visiki, wasitake kufuata chambo hata kwa nusu mita. Siku hiyo tafuta ghuba iliyokingwa na miti, uwe mvumilivu.

Kwa blugili aliye kwenye kiota mambo hugeuka tena. Mawimbi hutibua tope na tope hufunika mayai, kwa hiyo viota vyake utavikuta mahali palipokingwa. Kwa kifupi, krapi anayetafuta chakula mfuate upepo unakomwelekeza, na blugili anayetaga mtafute upepo usikofika.

Kinachoharibiwa na upepo hasa ni utulivu wa mvuvi. Mashua inazunguka, mshipi unapinda kama upinde, chambo hakikai mahali. Nanga moja haitoshi: mashua itayumba huku na huku kutwa nzima. Weka mbili, mbele na nyuma, au pitisha kamba kwenye kisiki. Visiki hivyo hivyo ndivyo vinavyopasua mashua za wanaokimbiza injini bila kuijua njia, kwa hiyo nenda polepole, na koti la kuokolea ulivae, usilikalie.

Dhana: palipo na miti mingi ndipo penye samaki wengi

Ingekuwa hivyo, Reelfoot pangekuwa na samaki kila hatua. Samaki hutafuta tofauti. Saipresi moja iliyosimama peke yake mbele ya wenzake, kisiki kilicho ukingoni pale kina kinapoongezeka, mti ulioanguka na ncha yake ikaelekea maji marefu: hapo simama. Katikati ya kichaka kizito utaacha ndoana kumi na kupata samaki wawili.

Na usirushe. Uzoefu wa nyumbani unatufundisha kurusha mbali, lakini penye visiki mrusho mmoja unakwama matawini na wa pili unakwama chini. Wenyeji hutumia ufito mrefu wa mita tatu au zaidi, mshipi mfupi, na kushusha chambo wima kando ya shina, kimya kimya, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Jaribu upande wa kivuli, kisha zunguka. Mti mmoja unaweza kuwa na upande mmoja tu wenye samaki.

Dhana: majira ya machipuko yakifika, wote wako ufukoni

Hawaji kwa kalenda, wanakuja kwa joto la maji. Krapi huanza kutaga maji yakifika takriban nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi. Blugili husubiri yapande zaidi, kuanzia nyuzi 20 hivi na kuendelea, na huendelea kutaga hadi ndani ya kiangazi. Anayekuja mwanzoni mwa Aprili kutafuta viota vya blugili amewahi mno. Kipimajoto cha bei nafuu kilichofungwa kwenye uzi kitakusaidia kuliko chambo cha gharama.

Dhana: kiboya kikizama ndipo umepata

Hapa nataka nikae kidogo, maana nimeona samaki wengi wakipotea kwa jambo hili. Macho ya krapi yamekaa juu ya kichwa na hula akitazama juu. Kwa hiyo kwanza, usimwekee chambo chini yake. Akiwa kwenye kina cha mita moja, chambo kiwe sentimita 20 au 30 juu yake. Pili, akishakichukua mara nyingi hupanda nacho. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, haivuti tena. Kiboya kilichokuwa kimesimama wima kinalegea, kinainama, kinalala ubavu juu ya maji kana kwamba kimechoka. Mgeni anadhani mshipi umegusa tawi. Yule ni krapi, na chambo kiko mdomoni.

Inua taratibu. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba kama karatasi, na ukivuta kwa nguvu kama unayevuta sangara, ndoana itachana na kutoka. Mchukue kwa wavu.

Kuhusu ndoana, maneno ni machache: ndoana kubwa haileti blugili mkubwa. Mdomo wake ni mdogo hata akiwa mnene. Namba 8 au 10 inatosha, pamoja na nyungunyungu au nyenje. Krapi ana mdomo mpana, yeye mpe kidagaa hai.

Dhana: blugili ni samaki wa watoto, na hawamaliziki

Wengi hudhani ni aina ya sato kwa umbo lake. Sivyo. Blugili, *Lepomis macrochirus*, na krapi ni wa ukoo mmoja na yule samaki aitwaye besi wa mdomo mkubwa aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Amerika. Na si lazima awe mdogo: rekodi ya dunia, aliyevuliwa Alabama mwaka 1950, alikuwa na kilo mbili na ziada.

Dhana ya kwamba hawamaliziki ndiyo inayonisikitisha. Maji yakiwa maangavu utaviona viota vyao, mashimo ya duara yaliyopangana kama nyayo za tembo kwenye tope. Katika kila shimo yumo dume, kifua chake rangi ya shaba, akipepea mayai kwa mkia na kumfukuza kila anayesogea. Anauma chochote, kwa hiyo ni rahisi kuwamaliza madume wote wa mahali pamoja kwa asubuhi moja. Wakiondoka wakubwa, madume wadogo hawana sababu ya kusubiri kukua. Huanza kuzaa mapema, nguvu zao zinaishia huko, na baada ya miaka ziwa linajaa blugili wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Jimbo la Minnesota liliona hatari hiyo, na mwaka 2021 likaanza kupunguza idadi inayoruhusiwa kwenye maziwa kadhaa, hadi samaki watano au kumi kwa siku.

Wa kukaanga chukua wale wa wastani, watamu sana, na pale ziwani wapo. Dume mkubwa mwenye kifua cha shaba mtoe ndoana mkono wako ukiwa umelowa, umrudishe palepale ulipomtoa, upesi, maana samaki wadogo wanaozunguka kiota huanza kula mayai mara tu anapoondoka.