Je, wajua kwa nini mashua hujisokota hata tepu ikisema vipimo viko sawa?

Ubao wa kulia na wa kushoto ulikatwa kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo umbo ni lile lile. Viunzi vimekaa kwenye alama zake. Tepu imevutwa kutoka ncha ya omo, yaani mbele ya chombo, hadi pembe ya kulia ya tezi, yaani nyuma, kisha hadi pembe ya kushoto, na namba zinalingana. Hata hivyo chombo kimejisokota: nyuma kimeinamia upande mmoja, mbele upande wa pili.

Tatizo hili huwaandama hasa wanaounda mashua za plaiwudi nyumbani. Mbinu yenyewe ni rahisi: vipande hutobolewa kwenye kingo, hushonwa kwa waya, kisha maungio hufunikwa kwa utepe wa faibaglasi na gundi. Iliyoisambaza zaidi ni Mirror, mashua ya tanga yenye urefu wa mita 3.3 iliyotoka Uingereza mwaka 1963. Waliobuni ni Jack Holt, mchoraji wa mashua, na Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyewafundisha watu ufundi wa nyumbani. Zimeundwa zaidi ya 70,000, nyingi na watu ambao hawakuwahi kuunda chombo kingine.

Dhana iliyozoeleka ni kwamba pande mbili zikilingana, mashua imenyooka. Si kweli, na inafaa tuone kwa nini. Tepu ni hodari wa kugundua kosa moja: omo kwenda kando, likatoka kwenye mstari wa katikati. Hapo upande mmoja hurefuka na mwingine hufupika, na namba zinasema wazi. Msokoto ni kosa la aina nyingine. Tuseme ubao wa tezi una upana wa mita 1.2 na umezunguka digrii moja tu. Pembe moja itakuwa juu kuliko mwenzake kwa milimita 21 hivi, kosa ambalo hata mpita njia angeliona. Lakini kwa kuwa ubao umezunguka kwenye mstari wa katikati, na tepu imeanzia kwenye mstari huo huo, pembe iliyopanda na iliyoshuka zote zimebaki karibu na umbali ule ule kutoka omo. Katika chombo halisi hesabu haiwi safi hivyo, na tepu inaweza kupata tofauti ya milimita chache. Fundi akiziona, huilaumu tepu kwamba imelegea.

Pimamaji nayo huaminiwa kupita kiasi. Ukiiweka kwenye tezi peke yake, inakupa habari za sakafu yako tu. Mashua haidai kulala sawa na dunia. Inachodai ni omo na tezi vikubaliane, hata kama chombo kizima kimeegemea ukuta.

Kwa nini plaiwudi, iliyo ngumu mkononi, ikubali kusokotwa kirahisi hivyo? Chukua boksi la viatu lisilo na kifuniko. Shika ncha zake mbili uzungushe mikono kinyume: linafuata bila ubishi. Sasa lifunike, ugundishe kifuniko pande zote, ujaribu tena. Linagoma, ingawa kadibodi ni ile ile. Likiwa wazi, kuta zake ndefu hupata nafasi ya kuteleza, moja mbele kidogo na nyingine nyuma kidogo, maana juu hakuna kinachozishikanisha. Mtelezo ni wa milimita moja au mbili, lakini huko kwenye ncha unazaa pembe iliyopanda sentimita mbili. Kifuniko huua mtelezo huo, na msokoto unakosa pa kupitia. Mashua iliyoshonwa kwa waya, bila sitaha wala matangi ya hewa, ni boksi lililo wazi. Stendi moja inayokibeba ikiwa juu kuliko nyingine, chombo kinafuata stendi, na gundi ikikauka kimebaki hivyo.

Kwa hiyo kipimo chenyewe ni jicho. Chukua papi mbili, yaani mbao nyembamba ndefu, zilizonyooka, uweke moja kukatisha mdomo wa mashua karibu na omo na nyingine kwenye tezi. Rudi nyuma hatua kadhaa, fumba jicho moja, uiname taratibu hadi ukingo wa papi ya karibu uanze kuifunika ya mbali. Ikipotea yote kwa pamoja, salama. Upande mmoja ukichelewa kupotea, umeuona msokoto. Papi zikiwa ndefu mara mbili ya upana wa chombo, kosa nalo huonekana mara mbili.

Marekebisho hufanywa kabla ya gundi. Waya za maungio ya chini zilegezwe ili kingo zipate kuteleza, kabari iingie chini ya pembe iliyoshuka, mzigo ukae juu ya iliyopanda: mfuko wa mchanga unatosha. Vuka kidogo mstari ulionyooka, kwa sababu plaiwudi hurudi ikiachiwa. Kisha kaza waya, pima tena kwa papi, upake gundi mzigo ukiwa bado mahali pake.

Mafundi wa majahazi wa Matondoni kule Lamu au Nungwi kule Unguja hawasumbuliwi sana na jambo hili, kwani wao huanza na mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, mzito na uliolazwa juu ya magogo, na mbao zao si laini za kufuata kila stendi.

Msokoto kiasi gani unadhuru? Inategemea chombo. Kwenye mashua ya makasia, nusu digrii haina wa kuilalamikia. Kwenye chombo cha sakafu bapa chenye injini ya nyuma, kosa hilo hilo hukilaza upande mmoja kila kikishika kasi, na abiria watahamishwa viti bila kujua sababu. Matangi ya hewa yakishagundishwa, boksi limefungwa. Kuanzia hapo dawa ni msumeno kwenye maungio.