Kwa Nini Mimba Humlaza Mmoja Kitandani, Mwenzake Akaenda Shamba?

Nyumbani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, tumepakana ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Inaanza kunguruma asubuhi na kunyamaza jioni, na sisi hatuisikii. Mgeni akilala kwetu siku moja, kesho yake anashika kichwa na kuuliza mnaishije hapa. Naanza na mashine kwa sababu ndiyo iliyoniokoa siku shangazi alipotaka maelezo.

Wifi yangu, mke wa kaka, alishika mimba ya kwanza, na kuanzia wiki ya sita akawa wa kutapika. Si kule kutapika kwa asubuhi ukasukutua mdomo ukanywa chai. Alitapika chakula, akatapika maji, mwisho akawa anatapika nyongo. Hakuweza kumeza hata mate yake, kopo likakaa kando ya kitanda. Mkaa ukiwashwa, anakimbia. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta, anakimbia. Kaka akirudi jioni na jasho la bodaboda, naye anafukuzwa. Akahamia sebuleni na mto wake.

Shangazi alikuja kutoka Mpwapwa kutusaidia. Alimtazama wifi siku tatu, ya nne akatoa hukumu: "Huyu anadeka. Mimi nimebeba saba, nalima, natwanga, sijatapika hata mara moja." Na shahidi wake nilikuwa mimi, maana mimba yangu nilivuna nayo mtama Chamwino hadi mwezi wa nane.

Kwa hiyo swali ni la haki. Nyumba moja, mlenda mmoja, maji yaleyale. Kwa nini mmoja avune na mwingine alazwe?

Kichefuchefu chenyewe si kigeni: kati ya wajawazito 10, saba hadi wanane hukipata. Kile cha wifi ni kingine. Manesi hukiita haipaemesisi, na kati ya wajawazito 100 huwapata watatu au pungufu. Kwa miaka mingi lawama zilitupiwa homoni ya hCG, ileile inayosomwa na kipimo cha mkojo cha mimba, kwa kuwa hupanda sana wakati uleule wa kutapika. Madaktari waliokosa maelezo zaidi walisema ni mambo ya kichwani: hampendi mume, haitaki mimba, anatafuta kuhurumiwa. Kwetu tunasema mimba imemkataa mume. Madaktari hao waliliandika wazo hilohilo kwa kalamu yao.

Mmoja aliyeambiwa hivyo ni Marlena Fejzo, mtafiti wa vinasaba huko Marekani. Mwaka 1999 alitapika hadi akashindwa kusimama, na mimba ikaharibika. Daktari wake alimwona anatia chumvi. Shangazi yangu, kumbe, ana wenzake Marekani.

Fejzo hakuliacha. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichunguza vinasaba vya maelfu ya wanawake, na kidole kikaelekea kwenye kinasaba cha protini iitwayo GDF15. Desemba 2023, akiwa na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge na watafiti wengine, wakaeleza katika jarida la Nature jinsi mambo yanavyokwenda.

GDF15 sote tunayo, kidogo kidogo. Seli zikipigwa na sumu au maradhi huitoa kwa wingi, ikaingia kwenye damu hadi sehemu ya chini ya ubongo, upande wa kisogoni, palipo na kipokezi chake. Ujumbe inaoupeleka ni mfupi: kuna kitu kibaya, acha kula, kama kimo tumboni kitoe. Sasa, mimba ikiingia, kondo la nyuma huimwaga protini hiyo kwa wingi tangu wiki za mwanzo, hata kama hakuna sumu yoyote. Nyingi inayokuwamo katika damu ya mama hutoka upande wa mtoto. Na mtoto nusu ya urithi wake ni wa baba, kwa hiyo kaka naye asijitoe.

Lakini wingi peke yake hautoshi kujibu swali letu. Kilichowashangaza watu ni hiki: mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na GDF15 kidogo sana ndiye anayeumia zaidi. Ubongo wake haujaizoea, ikija kwa kishindo unashtuka. Wapo kinyume chake, wanawake wenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao huishi na GDF15 nyingi miaka yote. Walipoulizwa huko Sri Lanka, wachache mno walikuwa wametapika wakiwa na mimba. Hata panya walioonjeshwa kidogo mapema, walipopewa nyingi baadaye, waliendelea kula.

Hapo ndipo mashine yetu ya kusaga inapoingia. Shangazi na mimi huenda tulizaliwa jirani na mashine. Wifi katoka kijiji kimya, akafungiwa chumba kilichoegemea injini. Hakuna aliyetupima damu, hivyo siapi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwetu, lakini ndivyo tofauti ya namna hii inavyoweza kutokea, na kudeka hakumo. Mke wa mwanamfalme William wa Uingereza, asiyejua kutwanga wala kuchota maji, alilazwa London kwa sababu hiyohiyo Desemba 2012.

Zipo sababu nyingine zinazozidisha. Mimba ya mapacha ni mojawapo. Nyingine ni mimba zabibu, na kwa mkoa unaolima zabibu jina hilo linachanganya watu: hakuna mtoto, ni vifuko vya maji vilivyoshikana kama kishada, na lazima mgonjwa asafishwe hospitalini. Ndiyo maana mjamzito anayetapika kupita kiasi hupigwa picha ya ultrasaundi. Na kama kuna homa, msiseme ni mimba. Pimeni malaria na mkojo.

Sisi tulichelewa. Tulimpa tangawizi, ambayo kwa kichefuchefu kidogo husaidia kweli, lakini kwake ilipanda na nyongo ikamchoma koo. Jirani akaleta udongo wa kula; nikautupa, kwa sababu unaweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na hujui umechimbwa wapi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hakuyataka hata kuyaona. Kilichokaa tumboni, na sikutarajia, ni barafu za ubuyu za mama wa nyumba ya pili. Kitu cha baridi hakitoi harufu, na ule uchachu ulimfaa. Akawa anamumunya taratibu, moja kwa asubuhi nzima. Kaka akahamishia jiko nyuma ya nyumba, upepo upeleke harufu kwa watu wengine.

Kilichotuamsha ni mkojo. Tangu asubuhi hadi jioni hakwenda chooni, alipokwenda ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, na akisimama anaona giza. Kwenye kadi ya kliniki alikuwa na kilo 58. Siku ile, tulipomfikisha hospitalini, mzani ulisoma 53. Ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito, kwa wifi ni kama kilo 3, hapo si pa kusubiri wiki ipite. Kwenye mkojo walikuta ketoni, alama kwamba mwili umeishiwa chakula na unayeyusha mafuta yake wenyewe.

Hapo nilijifunza jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Kaka alitaka awekewe haraka dripu ya glukosi, "apate nguvu." Nesi akamkatalia. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na mtu aliyetapika muda mrefu huwa imekwisha. Ukimjaza sukari kabla ya kumpa B1, ubongo unaweza kudhurika: macho yanayumba, mwendo unapepesuka, akili inachanganyikiwa. Wakaanza na B1, maji ya chumvi yenye potasiamu, na sindano ya kuzuia kutapika. Ndiyo sababu dripu ya kuchomwa nyumbani na mtu wa duka la dawa inanitisha.

Mama yangu aliiogopa ile sindano. "Mimba changa haichezewi na dawa." Hofu yake ina asili. Kati ya 1957 na 1961 dawa ya thalidomaidi, iliyoanzia Ujerumani Magharibi, ilipewa wajawazito kuwaondolea kichefuchefu, na zaidi ya watoto 10,000 wakazaliwa na viungo pungufu. Lakini dawa kama promethazini na metoklopramidi zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi. Kumwacha mama akauke nako ni kumchezea.

Wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 16 na 20. Wachache hutapika hadi chumba cha kujifungulia. Wifi alilazwa mara mbili zaidi. Wiki ya 18, jioni moja, aliuliza kama mlenda umebaki.

Siku ileile nilimweleza shangazi habari ya mashine na kijiji kimya. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua bakuli la mlenda ampelekee mwenyewe. Mlangoni akageuka: "Sasa hiyo mashine, wanaizima lini?"

"Kondo likitoka, shangazi."

"Basi mwambie kaka yako aendelee kulala sebuleni."