Je, wajua kwa nini jibu unalolijua linakukimbia mbele ya mwajiri?

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walihitaji njia ya uhakika ya kumtia mtu msongo bila kumdhuru. Wakachagua mahojiano ya kazi. Mtu alipewa dakika chache za kujiandaa, akasimama mbele ya watu waliokaza nyuso, akaeleza kwa nini anafaa kuajiriwa, kisha akahesabu kurudi nyuma kutoka 1022 akitoa 13 kila mara. Akikosea, anaanza upya. Kotisoli, homoni ya msongo, ilipanda ikafika mara mbili hadi nne ya kiwango chake cha awali. Na pale hapakuwa na kazi yoyote ya kutolewa!

Sasa mchukue fundi umeme wa Katuba, aliyekaa miezi bila mshahara, ameitwa na kampuni ya madini hapa Lubumbashi. Kazi ipo kweli, na wanaoitaka wamejaa nje. Anaulizwa jambo alilolifanya miaka: taja hatua za kukata umeme kabla ya kugusa mtambo. Anaanza vizuri. Kuwajulisha wanaoutumia, kuuzima, kukata umeme kwenye swichi kuu, kuweka kufuli na kibandiko chenye jina lake. Halafu kimya. Hatua inayofuata haipo.

Ipo, ila haitoki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwapa watu maneno ya kujifunza, ukawapima siku iliyofuata. Kidonge cha kotisoni, ambayo mwilini hugeuka kuwa kotisoli, kikimezwa saa moja kabla ya kupimwa, maneno yaliyokumbukwa yalipungua. Kikimezwa karibu na wakati wa kujifunza, hayakupungua. Kilichokwama ni mlango wa kutokea, ghala halikuibiwa. Tena kotisoli haiji papo hapo kama adrenalini, homoni nyingine ya msongo: hufika kileleni dakika 20 hadi 30 hivi tangu msongo uanze. Ukikalishwa kwenye benchi ukiwaza mabaya, huenda kilele kikakukuta umeshaitwa ndani.

Kuna na sababu ya pili. Sehemu ya akili inayoshika mambo ya sasa hivi ni finyu. Mwanasaikolojia Nelson Cowan mwaka 2001 aliikadiria kuwa vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Swali lenyewe linachukua nafasi. Wasiwasi wa “wananionaje?” unachukua nyingine. Na kwetu kuna mzigo wa ziada: jopo linauliza kwa Kifaransa, wakati fundi kazi yote aliifanya na kuizungumza karakanani kwa Kiswahili.

Kinachowamaliza watu hapo ni kubuni. Fundi umeme anayebahatisha hatua ya usalama amewaonyesha waajiri kwamba hata mbele ya waya wenye moto atabahatisha, na mimi nisingemwajiri. Kuomba radhi mara tano nako kunachosha, maana mazungumzo yanahama kutoka kwenye kazi yanaingia kwenye hofu yako. Samahani moja inatosha, kisha endelea:

“Papa, munisamehe, hatua moja imenipotea. Naomba nieleze vile tunafanyaka kwenye mashini.”

Sentensi hiyo imekiri bila kujidhalilisha, na imemrudisha fundi mahali ambapo kumbukumbu yake ilijengwa. Aeleze sasa kwa mikono: kufuli nimefunga, ufunguo nimeweka mfukoni, nasubiri kapasita zimalize umeme uliobaki ndani, nachukua kipimo… Hapo hapo hatua iliyopotea imetoka: kupima kama umeme umekatika kweli. Akili haipendi kuvuta jina la hatua peke yake, lakini ukiifuata kazi yenyewe kwa mpangilio, hatua moja huiita nyingine.

Jibu lisipotoka, liache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha mwaka 2008 kwamba watu walioachwa muda mrefu zaidi wakihangaika na neno lililo kwenye ncha ya ulimi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukwama tena kwenye neno lile lile baadaye. Andika alama kwenye karatasi yako, sema, “Naomba turudilie ile ulizo mbele ya kumaliza,” na urudi kweli. Usisubiri wao wakukumbushe.

Ukipoteza swali katikati ya jibu, hilo ni jepesi: “Mama, naomba murudilie ulizo.” Na jina la anayekuuliza likikutoka, usihangaike nalo; Lubumbashi hakuna anayekasirika kuitwa Papa au Mama, na cheo pia kinafaa.

Mara nyingi jibu huja ukiwa tayari kwenye basi ya kurudi nyumbani. Kama ulisema jambo lisilo sahihi, hasa la usalama, au uliacha hatua ya lazima, tuma ujumbe siku ile ile, mistari mitatu: asante kwa kunipokea, kwenye swali la kukata umeme niliacha hatua ya kupima, nayo hufanywa baada ya kufuli na kabla ya kugusa chochote, nabaki tayari kwa swali lolote. Usieleze ulivyoogopa. Na kama ulichosahau ni mwaka wa dipulomu tu, usitume kitu, kwa sababu upo kwenye dosye yako mezani kwao.