Kukata stimu, kero na mwiko: maneno matatu yanayochanganywa

Mmoja anatafuna kwa kelele. Mwingine anajisifu kila anapoongea. Wa tatu amekopa fedha nyingi na kumficha mwenzake. Ukimwuliza mtu ni nini hakimpendezi kwa wengine, anaweza kuyataja yote matatu kwa pumzi moja, kana kwamba yana uzito sawa. Hayana. La kwanza ni kero. La pili linaweza kukata stimu. La tatu, kwa watu wengi, ni mwiko. Anayeyachanganya huishia kumwacha mtu mwema kwa sababu ya kijiko kinachogonga meno, au kumvumilia mtu wa hatari kwa sababu ana tabasamu zuri.

Tuanze na kukata stimu. Stimu ni ile nguvu inayomsukuma mtu kumwelekea mwingine: hamu ya kuzungumza naye, kukaa naye, kumgusa. Inapokatika, si lazima kitu kiwe kimeharibika. Msukumo tu umepungua. Huenda ukarudi baada ya saa moja, au kesho, au usirudi kabisa. Harufu ya jasho, kujisifu, kuchezea simu mwenzako anapoongea, kumfokea mhudumu: haya yote hupunguza hamu, lakini kila moja hupunguza kwa kiasi chake, na sifa nyingine nzuri zinaweza kuijaza nafasi hiyo.

Kero ni jambo dogo linalopata uzito kwa kurudiwa. Mwanasaikolojia Michael Cunningham na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2005, walilifananisha na mzio: mara ya kwanza mwili hauoneshi kitu, lakini kila unapokutana tena na kile kile, mwitikio unakuwa mkali zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kulipuka kwa taulo lililoachwa kitandani. Halipukii taulo hilo moja, analipukia yote yaliyotangulia. Waliziweka kero hizo katika makundi manne: tabia zisizo na ustaarabu (kama kucheua bila kujali); kutowafikiria wengine (kama kuchelewa); kuingilia mambo ya mwingine (kama kuamrisha na kukosoa); na kuvunja kanuni (kama kudanganya kwenye mambo madogo). Tofauti ya makundi haya ina maana. La kwanza mara nyingi halimlengi mtu yeyote, ni mazoea tu. La tatu linakulenga wewe, kwa hiyo huuma haraka zaidi.

Mwiko ni kitu kingine kabisa. Ni jambo ambalo likiwapo, hakuna sifa yoyote inayoweza kulifidia.

Neno la kushika hapo ni kufidia. Fikiria mtihani wenye masomo mengi. Kama kinachotazamwa ni wastani, aliyepata alama chache za jiografia anaweza kuokolewa na hisabati. Lakini kama kanuni inasema anayefeli somo fulani amefeli mtihani wote, alama mia za masomo mengine hazimsaidii. Kukata stimu hufuata kanuni ya wastani. Mwiko hufuata kanuni ya somo la lazima. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Amos Tversky alieleza namna hii ya kuchagua: mtu huchukua kigezo kimoja, huwaondoa wote wasiokitimiza, kisha huendelea na kigezo kinachofuata. Ni njia ya haraka, na hatari yake iko kwenye hesabu. Tuseme kila sharti lako linatimizwa na watu 80 kati ya 100, na masharti hayategemeani. Ukiwa na masharti matano, wanaobaki ni kama 33. Ukiwa na kumi, wanabaki kama 11. Ukiwa na ishirini, hubaki mmoja tu. Kila sharti likitazamwa peke yake linaonekana la busara. Mrundikano wake ndio unaofunga mlango. Miwiko mitatu hadi mitano inamtosha mtu mzima aliyejitafakari. Inayozidi hapo, mara nyingi ukiikagua utakuta ni mambo ya kukata stimu yaliyopandishwa cheo.

Kwa nini jambo moja baya lina nguvu kuliko mazuri kadhaa? Samaki mmoja akioza, wote wameoza, ndivyo akili inavyopima watu. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walikusanya ushahidi kutoka nyanja nyingi za saikolojia, na picha iliyojitokeza ni kwamba tukio baya huathiri kuliko zuri la ukubwa ule ule. Mwaka 2015 Peter Jonason na wenzake walichapisha tafiti sita zenye washiriki zaidi ya 6,500 kuhusu mambo yanayovunja uhusiano, na wakaona kwamba watu huyapa mambo mabaya uzito zaidi kuliko wanavyoyapa yale yanayovutia, hasa wanawake na watu walio tayari kwenye uhusiano wa kudumu. Sababu inaeleweka ukipima hasara. Ukimkosa mtu mzuri, umepoteza nafasi moja na nyingine huenda ikaja. Ukimkubali mtu wa hatari, unaweza kupoteza afya, mali na miaka.

Kinyaa kinahitaji kuangaliwa peke yake, kwa sababu hujifanya ushahidi. Joshua Tybur na wenzake, mwaka 2009, walitenganisha aina tatu: kinyaa cha vijidudu, yaani uchafu, harufu na vidonda, kinyaa cha mambo ya kimwili ya mapenzi, na kinyaa cha maadili, kama kuona mtu anaiba. Mwili hutoa hisia inayofanana kwa zote, lakini maana yake si moja. Chukua harufu ya mdomo. Inaweza kumfukuza mtu kwenye mkutano wa kwanza. Lakini chanzo chake mara nyingi kiko kinywani humo humo: bakteria nyuma ya ulimi, fizi zinazougua, jino lililooza, au mdomo mkavu. Mwenyewe mara nyingi hajui, kwa sababu pua huzoea harufu inayokaa nayo. Kuusugua ulimi hadi nyuma kila siku, kusafisha katikati ya meno na kumwona daktari wa meno huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Kumhukumu mtu kwa jambo asilolijua na linalotibika ni kumwonea. Mwambie kwanza, faraghani. Asiposhughulika baada ya kuambiwa, sasa unayo habari nyingine kumhusu, na hiyo ndiyo ya kupimwa.

Kuna pia kinyaa cha ghafla, ambacho siku hizi kinazungumzwa sana: mtu uliyempenda jana, leo umemwona akikimbilia basi mkoba ukimrukaruka mgongoni, na hamu yote imetoweka. Kitendo chenyewe hakina kosa lolote. Mara nyingi hamu ilikuwa nyembamba tangu mwanzo na tukio hilo limeipasua tu, au uhusiano umeanza kuwa wa dhati na moyo unatafuta mlango wa kutokea. Usiamue siku hiyo hiyo. Kutaneni mara mbili au tatu zaidi katika mazingira tofauti. Kama hisia imeyeyuka, ilikuwa wingu. Kama imebaki, ondoka kwa heshima, wala usimtajie mkoba. Utamwachia aibu asiyostahili, na sababu yenyewe haikuwa hiyo.

Jambo jingine linalowapotosha watu ni sifa kugeuka kasoro. Mwanasosholojia Diane Felmlee, mwaka 1995, aliwauliza wanafunzi ni nini kiliwavutia kwa wapenzi wao wa zamani na ni nini kiliwachosha, na kwa baadhi yao jibu lilikuwa sifa ile ile yenye jina jipya. Anayejiamini akawa mwenye majivuno. Mcheshi akawa mtu asiye makini. Aliyejali sana akawa anayebana pumzi. Ukiona kinachokukata stimu leo ni kivuli cha kilichokuvuta jana, huyo mtu hajabadilika. Mazungumzo yenu yawe juu ya kiasi, kwa sababu tabia yenyewe uliichagua ukiiona.

Tuje kwenye kutunga mwiko, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kosa lao ni kuutaja kwa jina la tabia badala ya tendo. "Sitaki mvivu" haipimiki. Kila mtu ana uvivu wake, na siku ukiwa na hasira kila aliyelala mchana atakuwa mvivu. Mwiko unaofaa una tendo, kiasi na muda: mtu mwenye afya na muda ambaye kwa miezi sita hatafuti kazi wala hagusi kazi za nyumbani. Vivyo hivyo, "sitaki mwongo" igeuze kuwa: anayeficha deni, mtoto, ndoa au ugonjwa wa kuambukiza unaonihusu. Ukishaandika hivyo, jiulize maswali mawili. Je, kuna sifa yoyote ambayo ingenifanya nilikubali tendo hilo? Kama ipo, huo si mwiko. Je, mimi mwenyewe ninauzingatia mwiko huo? Kama siuzingatii, nina kazi ya kufanya kabla ya kuudai kwa mwingine.

Yanayostahili kuwa miwiko hayafanani kwa watu wote, lakini baadhi yana sababu nzito. Ukatili, wa kupiga au wa kutisha, uko juu ya yote. Udanganyifu wa fedha unafuata, kwa sababu athari yake hubaki hata baada ya kuachana. Ulevi ambao mwenyewe anakataa kuutafutia msaada. Na dharau. John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, alitaja mienendo minne inayobomoa ndoa: kumshambulia mwenzako tabia yake, dharau, kujitetea kila mara, na kujifungia kimya. Kati ya hiyo, dharau ndiyo aliyoiona kuwa dalili kubwa zaidi ya talaka. Huonekana katika mambo madogo: kugeuza macho, kuigiza sauti ya mwenzako, kumkejeli mbele ya watu. Anayekasirika bado anakuona kuwa sawa naye. Anayedharau ameshakuweka chini.

Kisha kuna miwiko isiyo na lawama yoyote. Mmoja anataka watoto, mwenzake hataki. Mmoja hawezi kuhama, mwenzake hawezi kubaki. Hapa hakuna mwenye kasoro, na kumpaka mwenzako ubaya ili kuachana kuwe rahisi ni dhuluma. Haya yasemwe mapema, kabla ya kuhamia pamoja, kabla ya kuunganisha fedha, kwa maneno mepesi yasiyo na mtego.

Hata miwiko iliyotungwa vizuri huwa migumu kusimamiwa. Samantha Joel na wenzake, mwaka 2014, waliwaonesha wanafunzi watu ambao wangeweza kutoka nao. Waliodhani ni zoezi la kufikirika walikataa kwa urahisi zaidi kuliko walioambiwa kwamba mtu huyo yupo kweli na anasubiri jibu. Huruma ilikuwa sehemu ya sababu: hawakutaka kumwumiza. Na mapenzi yakishaingia, kipenda roho hula nyama mbichi. Kwa hiyo andika miwiko yako wakati huna mtu unayemtetea, na mkabidhi nakala rafiki mmoja mwenye ujasiri wa kukukumbusha.

Kuisema kero kuna namna yake. Usiache mzio ukue. Sema ndani ya siku moja au mbili, mkiwa wawili, tumbo likiwa limeshiba. Taja tendo, athari, kisha ombi: "Jana ulichelewa saa nzima na sikupata ujumbe. Nilibaki na wasiwasi. Safari nyingine niandikie mara tu unapojua utachelewa." Epuka "kila siku wewe" na "hujawahi", kwa sababu mwenzako ataacha kusikiliza ombi na kuanza kutafuta siku moja ambayo hakufanya hivyo. Kero moja kwa mazungumzo mamoja. Ukitoa orodha, hata ya kweli, anachosikia ni kwamba humpendi.

Mwiko hausemwi hivyo, wala hautumiwi kama fimbo. Anayetishia kuondoka kila wiki na haondoki anamfundisha mwenzake kwamba maneno yake hayana uzito. Utaje mara moja, wazi, na ukivunjwa, tenda ulichosema. Kwa ukatili hali ni tofauti: usimtangazie anayekupiga kwamba unaondoka, kwa sababu wakati wa kuachana ndio hatari inaweza kupanda. Mweleze kwanza mtu unayemwamini, weka hati zako na fedha kidogo mahali salama, panga pa kufikia, kisha ondoka.

Na siku ukiambiwa wewe ndiye uliyevunja mwiko wa mtu, uliza swali moja: ni tendo gani, na mara ngapi? Akikutajia tendo, unayo kitu cha kurekebisha, kama si kwake basi kwa atakayefuata. Akikutajia lengo la maisha, hakuna cha kurekebisha, na kumwahidi utabadilika ili asiondoke ni kuahirisha maumivu yale yale kwa miaka michache.